Wengi Wape: Historia ya Eneo la Uchaguzi la Norwood, Australia Kusini

Kiswahili kina neno moja, jimbo, ambalo limebebeshwa mizigo miwili. Katika Tanganyika ya wakati wa ukoloni jimbo lilikuwa sehemu kubwa ya nchi, ile ambayo baadaye iliitwa mkoa. Na katika Kenya ya mwaka 1963 serikali ya majimbo ilikuwa ni ile iliyogawa madaraka kati ya Nairobi na sehemu za nchi. Lakini Tanzania neno hilo hilo ndilo linalotumika kwa mahali panapompeleka mbunge mmoja Bungeni, ambapo Wakenya husema eneo bunge. Mtu atakaye kueleza mambo ya Australia kwa Kiswahili hukutwa na utata huu mara moja, maana nchi ile ni shirikisho la majimbo sita, kila jimbo lina bunge lake, na kila bunge huchaguliwa kwa majimbo madogo zaidi. Ili kuepuka jimbo ndani ya jimbo, hapa neno jimbo litakuwa la Australia Kusini yenyewe, na mahali panapochagua mbunge mmoja pataitwa eneo la uchaguzi.

Kadhalika neno kitongoji lahitaji kuangaliwa. Katika matumizi ya zamani kitongoji ni makao madogo yaliyo nje ya mji na yaliyofungamana nao. Katika utawala wa Tanzania limekuwa jina la sehemu ndogo ya kijiji. Norwood ni kitongoji kwa maana ile ya kwanza: makao yaliyozaliwa na mji wa Adelaide, yakakua mpaka yakashikana nao, lakini yakabaki na jina lake, njia yake kuu, na fahari yake.

Eneo la uchaguzi la Norwood lilikuwa dogo kwa upana, na mtu aliweza kulivuka kwa miguu bila kuchoka sana. Hata hivyo historia yake ina jambo ambalo ni nadra kuonekana mahali pamoja. Mara mbili, mwaka 1968 na mwaka 2014, mbunge wa mahali hapo alikuwa kiongozi wa chama kilichopendelewa na wapiga kura wengi zaidi katika jimbo zima, na mara zote mbili chama hicho kikakosa kutawala. Mara ya kwanza kilikuwa chama cha Labor, yaani chama cha wafanyakazi. Mara ya pili kilikuwa chama cha Liberal, mpinzani wake. Katikati ya miaka hiyo sheria ya mipaka ilitengenezwa upya mara tatu, na kila mara ikasemwa kwamba sasa haki imepatikana. Wahenga wa Kiswahili walisema, Wengi wape. Historia ya Norwood ni historia ya ugumu wa kulitimiza agizo hilo fupi.

Mahali na Watu Wake

Nchi tambarare ya Adelaide ilikuwa ya watu wa Kaurna kabla Wazungu hawajafika. Koloni la Kiingereza la Australia Kusini lilitangazwa tarehe 28 Desemba 1836, na mwaka uliofuata William Light akaupima mji wa Adelaide na kuuzungushia ukanda wa bustani za watu wote. Ukanda huo ndio ulioamua umbo la vitongoji: aliyekosa kiwanja ndani ya mji, au aliyetaka cha bei nafuu, hakuwa na budi kuvuka bustani na kujenga ng'ambo ya pili. Norwood, iliyopewa jina la Norwood ya kusini ya London, iko upande wa mashariki, kiasi cha kilomita 4 kutoka katikati ya mji. Mwaka 1853 Norwood na jirani yake Kensington ziliunganishwa kuwa mji wenye halmashauri yake. Mwaka 1878 tramu za kukokotwa na farasi zilianza kwenda upande huo, na mwaka 1909 tramu ya kwanza ya umeme ya Adelaide ikaelekea huko huko.

Wakazi wake walikuwa mchanganyiko. Palikuwa na mafundi, wenye maduka na wafanyakazi wa viwanda katika nyumba ndogo za mawe zilizobanana, na hapakuwa mbali na nyumba kubwa za mawakili, waganga na wafanyabiashara zenye bustani mbele na nyuma. Kwa sababu hiyo hakuna chama kilichoweza kulihesabu eneo hilo kuwa mali yake. Katika vitongoji vya viwanda vya magharibi chama cha Labor kilikuwa na uhakika wa kushinda. Katika vitongoji vya matajiri vya mashariki wapinzani wake walikuwa na uhakika huo huo. Norwood ilisimama kati ya hali hizo mbili.

Ama katika swali la nani apige kura, Australia Kusini ilitangulia nchi nyingi. Kura ya siri ilikubaliwa mwaka 1856. Mwaka 1894 ilipitishwa sheria iliyowapa wanawake haki ya kupiga kura na haki ya kugombea ubunge pia, na wakapiga kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1896. Kwa maandishi ya sheria haki hiyo iliwahusu hata wanawake wenyeji wa asili. Basi swali la nani apige kura lilijibiwa mapema. Swali lililobaki lilikuwa lingine: kura hiyo, ikisha kupigwa, ina uzito gani?

Sheria ya Mwaka 1936

Jibu la swali hilo lilitolewa mwaka 1936. Serikali ya wakati huo ilikuwa ya Richard Layton Butler, wa chama kilichoitwa Liberal and Country League. Sheria mpya ilipunguza idadi ya wabunge wa baraza la chini kutoka 46 mpaka 39, ikafuta maeneo yaliyochagua wabunge zaidi ya mmoja, na kuagiza kila eneo liwe na mbunge wake mmoja. Hilo peke yake lisingekuwa na neno. Lakini sheria iliongeza kwamba katika hao 39, wabunge 13 tu watoke Adelaide na vitongoji vyake, na 26 watoke mashambani na miji ya mbali. Kwa maneno mengine, kila mbunge mmoja wa mji alipaswa kulingana na wawili wa nje ya mji, bila kujali watu walikaa wapi. Norwood ya sasa ilizaliwa ndani ya sheria hiyo, ikiwa mojawapo ya yale maeneo 13, na ikapiga kura kwa mara ya kwanza chini yake mwaka 1938.

Waliotunga mpango huo hawakukosa hoja. Walisema kwamba ngano na sufu ndizo zilizolipa gharama za jimbo. Kwamba mbunge wa mashambani ana nchi pana ya kuzungukia, hali mbunge wa mji aweza kuwaona watu wake wote kwa siku chache. Na kwamba mji ukiachiwa hesabu ya vichwa peke yake utaimeza nchi nzima. Hoja hizi zilikuwa na nguvu kwa watu wengi, na si wote waliozisema walikuwa wadanganyifu.

Lakini hesabu zilizogandishwa katika sheria hazikui, na watu hukua. Thomas Playford, aliyeshika uwaziri mkuu mwezi Novemba 1938 na kuushikilia mpaka Machi 1965, alikuwa mkulima wa matunda aliyeleta viwanda. Katika miaka yake Australia Kusini ilipata viwanda vya magari na vyombo vya nyumbani, ikauchukua umeme mikononi mwa serikali mwaka 1946, na mwaka 1955 ikaanzisha mji mpya wa Elizabeth upande wa kaskazini wa Adelaide. Viwanda huita wafanyakazi, na wafanyakazi hukaa mjini. Hivyo Playford mwenyewe, kwa kazi yake njema, aliujaza mji watu ambao kura zao zilikuwa nyepesi. Ilipofika miaka ya 1960 karibu thuluthi mbili ya watu wa jimbo walikaa Adelaide, na bado walichagua thuluthi moja tu ya wabunge. Katika uchaguzi wa mwaka 1968 eneo la Frome la mashambani lilikuwa na kura halali kama 4,500. Eneo la Enfield la mjini lilikuwa na kama 42,000. Kila moja lilipeleka mbunge mmoja.

Mpango huu ulikuja kuitwa Playmander. Neno hilo lafaa kuchunguzwa. Mwaka 1812 huko Massachusetts gavana Elbridge Gerry alitia sahihi sheria ya mipaka iliyolipa eneo moja umbo la mjusi wa majini, na watani wakaliunganisha jina lake na jina la mnyama huyo. Waaustralia walikata kichwa cha neno hilo na kulipachika jina la Playford. Ni neno la werevu, lakini linakosea mara mbili. Kwanza, Playford aliurithi mpango, hakuutunga. Pili, kosa la Australia Kusini halikuwa katika umbo la mipaka lililopindwa kama mjusi; lilikuwa katika idadi ya watu waliotiwa ndani ya kila mpaka. Mtu aweza kuchora mipaka iliyonyoka kama rula na bado akaiba uzito wa kura.

Dunstan Aingia Norwood

Kati ya mwaka 1938 na mwaka 1953 Norwood ilibadilisha mikono zaidi ya mara moja kati ya vyama viwili vikubwa. Mwaka 1953 mgombea wa Labor alikuwa wakili kijana, Donald Allan Dunstan, aliyezaliwa Suva, Fiji, mwaka 1926, wazazi wake wakiwa watu wa Australia Kusini. Alikuwa amesoma shule ya watoto wa matajiri na Chuo Kikuu cha Adelaide, akafanya uwakili Fiji kwa muda, kisha akarudi na kukaa Norwood. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba kura, akamshinda Roy Moir wa chama kilichotawala. Katika uchaguzi huo huo chama cha Labor kilipata zaidi ya nusu ya kura za jimbo zilipopimwa baina ya vyama viwili, na bado Playford akaendelea kutawala. Jambo hilo lilikuwa limetokea mwaka 1944, nalo likatokea tena mwaka 1962.

Norwood aliyoichukua Dunstan ilikuwa ikibadilika. Baada ya vita vya pili vya dunia meli zilileta Waitalia na Wagiriki kwa maelfu, na wengi wa Waitalia wakakaa katika vitongoji vya mashariki ya Adelaide, Norwood ikiwamo. Kwa sheria ya wakati ule mgeni hakupiga kura mpaka awe raia wa himaya ya Kiingereza kwa kuandikishwa. Kwa hiyo mgombea mwenye akili hakuwatazama wageni kama watu wasio na kura; aliwatazama kama watu watakaokuwa na kura kesho. Dunstan aliwaelewa hivyo, naye aliwapata.

Hapa historia ya eneo dogo inakutana na ya nchi kubwa. Tangu mwaka 1901 Australia ilikuwa na sheria ya kuwazuia watu wasio Wazungu wasiingie, na silaha ya sheria hiyo ilikuwa lugha. Ofisa wa bandari aliweza kumsomea msafiri kipande cha maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya na kumtaka aandike. Aliyetakiwa azuiliwe alisomewa lugha asiyoijua, akashindwa, akarudishwa. Mtihani huo haukufutwa mpaka mwaka 1958, na siasa yenyewe, iliyoitwa ya Australia Nyeupe, ilibaki hata baada ya hapo. Hata chama cha Labor kiliitetea, kikiogopa ujira wa wafanyakazi usishuke. Mwaka 1965 mkutano mkuu wa chama hicho uliiondoa katika maazimio yake, na mbunge wa Norwood alikuwa miongoni mwa waliosukuma jambo hilo kwa nguvu kuliko wengine. Mwaka uliofuata, akiwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, alipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi, ya kwanza ya namna yake katika Australia, na sheria ya kuweka amana ya ardhi kwa ajili ya wenyeji wa asili.

Uchaguzi wa Mwaka 1968

Labor ilikuwa imeingia serikalini mwaka 1965 chini ya Frank Walsh. Ili kushinda kwa wabunge 21 katika 39 ilibidi ipate kura nyingi kupita kiasi ambacho chama katika nchi nyingine kingehitaji. Serikali hiyo ilijaribu kurekebisha maeneo ya uchaguzi, ikazuiwa katika baraza la juu, ambako wapinzani walikuwa na viti 16 katika 20. Baraza hilo halikuchaguliwa na watu wote, kwani mpaka mwaka 1973 kura yake ilifungwa na masharti ya mali. Hivyo waliofaidika na sheria ndio waliokuwa na ufunguo wa kuibadilisha.

Tarehe 1 Juni 1967 Walsh alimwachia Dunstan uwaziri mkuu. Uchaguzi ulifanyika tarehe 2 Machi 1968. Labor ilipata zaidi ya asilimia 50 ya kura za kwanza, na ikapata wabunge 19. Chama cha Liberal and Country League, chini ya Steele Hall, kilipata kura pungufu na wabunge 19 vile vile. Mbunge wa 39 alikuwa Tom Stott, mtu asiye na chama kutoka mashambani, naye akamwunga mkono Hall. Dunstan hakujiuzulu mara moja. Alikaa mpaka Bunge lilipokutana mwezi Aprili, ili watu waone kwa macho yao jinsi walio wachache walivyokabidhiwa serikali. Maelfu waliandamana katika Adelaide. Kisha akatoka.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba aliyefungua mlango wa marekebisho alikuwa Hall mwenyewe, mtu aliyefaidika na kasoro hiyo. Aliona kwamba serikali iliyosimama juu ya msingi huo haitaheshimiwa, akakishawishi chama chake kukubali baraza la wabunge 47, ambao 28 watoke mjini na 19 nje. Bado kura ya mashambani ilikuwa nzito kidogo, lakini wengi wa wabunge sasa walitoka mahali walipokaa wengi wa watu. Hall alijua kwamba kwa tendo hilo alikuwa akimkabidhi Dunstan uwaziri mkuu, na ndivyo ilivyokuwa: tarehe 30 Mei 1970 Labor ilipata wabunge 27. Mwaka 1975 serikali ya Dunstan ilimaliza kazi iliyobaki. Mipaka ilitolewa mikononi mwa wanasiasa na kupewa Tume ya watu watatu, yaani jaji wa mahakama kuu, mkuu wa uchaguzi na mkuu wa upimaji wa ardhi. Na ikaamriwa kwamba hesabu ya wapiga kura katika eneo lolote isizidi wala isipungue wastani kwa zaidi ya asilimia 10.

Tangazo la Kiitalia

Dunstan alijiuzulu kwa ugonjwa mwezi Februari 1979, baada ya miaka 26 ya kuwa mbunge wa Norwood. Mwezi uliofuata Greg Crafter wa Labor alishinda uchaguzi mdogo. Miezi sita baadaye, katika uchaguzi mkuu wa Septemba, chama cha Liberal kilitwaa serikali chini ya David Tonkin, na katika Norwood Frank Webster akamshinda Crafter kwa kura zilizohesabika kwa makumi tu.

Crafter alikwenda mahakamani. Kiini cha shauri lake kilikuwa tangazo la Webster katika gazeti la Kiitalia. Maneno ya tangazo hilo yaliweza kumfanya msomaji adhani kwamba Webster alikuwa tayari mbunge wa mahali hapo. Mahakama iliona kwamba katika eneo lenye wapiga kura wengi wa Kiitalia, na kwa ushindi mwembamba namna ile, upotoshaji huo ulitosha kuufanya uchaguzi uwe batili. Mwezi Februari 1980 watu wa Norwood walipiga kura tena, na Crafter akarudi. Wabunge wa serikali ya Tonkin wakapungua kutoka 25 mpaka 24 katika baraza la watu 47. Yaani wingi wake ukabaki wa mtu mmoja.

Kwa watu wa lugha shauri hili lina maana kubwa kuliko yale mapigano ya vyama. Katika mtihani wa bandarini lugha ya kigeni ilitumika kumfungia mtu mlango, na ujinga wake wa lugha ulihesabiwa kuwa kosa lake. Mwaka 1980 mahakama ilisema kinyume cha hayo: kwamba msomaji wa Kiitalia ni mpiga kura kamili, na maneno anayoambiwa kwa lugha yake yana uzito sawasawa na anayoambiwa jirani yake kwa Kiingereza. Aliyepotoshwa kwa Kiitalia amepotoshwa. Usawa wa kura si wa hesabu tu. Ni wa maneno pia, kwa kuwa kura hutolewa kwa mtu aliyeelewa.

Haki Iliyoandikwa katika Katiba

Maeneo yaliyolingana hayakumaliza utata. Mwaka 1989 Labor ilibaki serikalini ingawa ilipata kama asilimia 48 tu ya kura zilipopimwa baina ya vyama viwili. Sababu yake haikuwa hila ya sheria. Watu wa chama kimoja wakisongamana katika maeneo machache, kura zao nyingi huzidi mahitaji na kupotea bure. Wenzao waliosambaa vizuri hushinda kwa kura chache katika maeneo mengi. Chama cha Liberal kilikuwa kikirundika kura zake katika nchi ya mashamba, na hivyo kikapoteza.

Mwaka 1991 watu wa jimbo waliulizwa kwa kura ya maoni, nao wakakubali kwa wingi mkubwa kuandika katika katiba yao sharti la haki: kwamba baada ya kila uchaguzi Tume iyapange upya maeneo, ikijitahidi kadiri iwezekanavyo ili upande utakaopata zaidi ya nusu ya kura za watu upate wabunge wa kutosha kuunda serikali. Hilo lilikuwa agizo la Wengi wape lililotiwa katika sheria. Lakini Tume ilipewa kazi ya mwaguzi: kuichora mipaka leo kwa kukisia watu watapigaje kura baada ya miaka minne.

Norwood ilifuata mawimbi ya nyakati. Crafter alianguka mwaka 1993, Labor ilipobebeshwa lawama za kuporomoka kwa benki ya serikali, na John Cummins wa Liberal akashika nafasi yake. Mwaka 1997 Vini Ciccarello aliirudisha kwa Labor. Jina lake lilitosha kuonyesha kwamba wale wageni wa miaka ya 1950 walikuwa sasa wenyeji wenye kuchaguliwa. Mwaka huo huo halmashauri ya kale ya Kensington na Norwood iliunganishwa na jirani zake Payneham na St Peters. Nyumba ndogo za mawe, zilizokuwa za mafundi, zilinunuliwa na watu wa mishahara mikubwa. Mwaka 2010 Steven Marshall wa Liberal alimshinda Ciccarello, lakini katika jimbo zima chama chake kilipata wingi wa kura na kushindwa kwa viti.

Katika mapitio ya mwaka 2012 Tume ililiondoa jina la Norwood na kuliita eneo hilo Dunstan, kwa heshima ya mtu aliyefariki mwaka 1999. Hivyo mbunge wa Liberal akawa mwakilishi wa eneo lenye jina la kiongozi mashuhuri wa Labor. Marshall alikuwa amekuwa kiongozi wa chama chake tangu Februari 2013. Katika uchaguzi wa Machi 2014 chama hicho kilipata kama asilimia 53 ya kura baina ya vyama viwili na wabunge 22. Labor ilipata 23, na mbunge mmoja asiye na chama, kutoka nje ya mji, akaiwezesha kuendelea. Mtu aweza kuusoma mwaka 2014 kama mwaka 1968 uliogeuzwa: mbunge wa mahali pale pale, kura nyingi, mbunge wa kujitegemea kutoka mashambani, na serikali kwa walio wachache. Tofauti yao ni kubwa vile vile. Mwaka 1968 kura ya Enfield ilikuwa imefanywa nyepesi na sheria. Mwaka 2014 kila kura ililingana na nyingine, na matokeo yakapinda yenyewe.

Marshall alipata uwaziri mkuu mwaka 2018, akaupoteza mwaka 2022, na katika mwaka huo alikiokoa kiti chake cha Dunstan kwa kura chache. Alipojiuzulu, uchaguzi mdogo wa tarehe 23 Machi 2024 ulimpa ushindi Cressida O'Hanlon wa Labor, kwa tofauti ndogo tena. Na lile sharti la haki la mwaka 1991 lilikuwa limefutwa na Bunge mwishoni mwa mwaka 2017, baada ya kushindwa mara tatu, mwaka 2002, 2010 na 2014, kuleta lile lililoahidi.

Yaliyobaki

Basi nini kilichopatikana katika miaka hii? Wapo watakaosema kwamba, maadamu walio wengi walikosa mwaka 1968 na wakakosa tena mwaka 2014, kazi ya Hall na Dunstan ilikuwa bure. Hilo si kweli. Kuna tofauti kati ya mizani iliyochezewa na mizani ya kweli ambayo mara nyingine hutikiswa na upepo. Mwenye kupimiwa kwa mizani ya kwanza ameibiwa. Mwenye kupimiwa kwa ya pili amekosa bahati, naye aweza kurudi sokoni kesho. Chama cha Liberal kilirudi baada ya miaka minne na kushinda. Chama cha Labor cha wakati wa Playford kilingoja zaidi ya miaka 26.

Lakini historia hiyo hiyo yawaonya wanaodhani kwamba haki ya uchaguzi ni hesabu ya kufanywa mara moja na kufungwa. Sheria ya mwaka 1936 iliharibika kwa sababu iliwagandisha watu wasiogandika. Sharti la mwaka 1991 lilishindwa kwa sababu lilitaka kuyajua ya kesho. Lililodumu ni lile la katikati, la mwaka 1975: mipaka ichorwe na watu wasiogombea, watu wahesabiwe sawa, na kazi irudiwe mara kwa mara. Jina la Norwood halimo tena katika orodha ya Bunge, lakini kitongoji kipo, na njia yake kuu ipo. Wengi wape, walisema wahenga. Kabla ya kuwapa, mtu hana budi kwanza kuwahesabu kwa uaminifu, na kusema nao kwa lugha wanayoielewa.